Siku Shamba Zima Lilipolala Chali

Kazi yangu ni nyuso. Nina studio ndogo ya picha karibu na soko kuu la Kisangani, na kutwa nzima ninawaambia watu wainue kidevu, wafumbue macho, waache kucheka kwa sababu ile ni picha ya pasipoti, si ya harusi. Wananichosha. Juzi mama mmoja alinifanya nirudie picha yake mpaka nikamwambia, "Bon, mama, sura iko ile ile uliyokuja nayo." Alinuna, halafu akacheka, na picha nzuri nikaipata hapo hapo.

Kwa hiyo mtafiti mmoja wa kilimo kutoka Yangambi aliponiletea picha za zamani zilizopigwa kutoka ndani ya ndege, nilimwambia waziwazi kwamba kwangu mimi hizo si picha. Ni mapaa na miti tu, hakuna hata mtu mmoja wa kuambiwa ainue kidevu. Yeye ni mpole, hakukasirika. Alitaka nizichape kwenye karatasi kubwa azitundike ukutani, wakulima waone mashamba ya zamani yalivyokuwa. Akawa ananifungulia moja moja kwenye kompyuta: michikichi iliyopandwa kwa mistari, miti ya mpira, maghala, gati la mto. Tulipofika kwenye shamba moja la kahawa lililokaa kwenye kona ya mto, na jina lake limeandikwa kwa mkono pembeni, nilimshika mkono asiifunge.

Shamba hilo sijawahi kulikanyaga. Leo ni pori. Ukipita pale kwa mtumbwi wa mota utaona majani tu mpaka macho yachoke. Lakini nililijua tangu utoto, maana mama yangu alizaliwa pale, na kila tulipokaa kula lituma, ndizi zetu za kuponda, nyumbani, habari za shamba zilikuja mezani pamoja na ndizi. Na katika habari zote, tuliyoipenda kuliko nyingine ni ile ya siku ya ndege.

Kapita wa shamba, yaani msimamizi, aliwatangazia wafanyakazi kwamba kesho asubuhi ndege itapita kupiga picha. Kambi nzima ikafurahi. Wakati huo picha haikuwa kitu cha mchezo. Ulisafiri mpaka mjini, ukavaa vizuri, ukakaa kwenye kiti cha mpiga picha bila kupumua. Sasa picha inawafuata watu kwao, tena ya bure. Ila koko wangu, mama wa mama yangu, mwanamke mwepesi wa akili na mwepesi zaidi wa mdomo, akauliza jambo ambalo wenzake hawakuliwaza. Ndege si inapita juu? Basi itaona nini? Itaona nywele. Nani atavaa kikwembe kipya ili apigwe picha ya nywele?

Shauri lake likakubaliwa na wote. Asubuhi watu wakaoga, wakajipaka mafuta, wakavaa nguo za Jumapili. Wakatandika mikeka kwenye ule uwanja mpana wa saruji wa kuanikia kahawa, wakalala chali kwa mstari, uso juu, mikono ubavuni, macho wazi kwenye jua. Kapita alipowakuta hivyo alidhani wamekufa. Walipomweleza, alifikiri kidogo, akavua kofia yake, akaenda kulala mwishoni mwa mstari.

Tumecheka hadithi hiyo mpaka mbavu zikauma, na mama alicheka pamoja nasi. Lakini kwake yeye ilikuwa na kitu kingine ndani. Koko alikufa kwa homa muda mfupi baada ya siku ile, mama akiwa bado mdogo mno, na hakuacha picha hata moja. Mama hakumbuki uso wa mama yake. Anakumbuka harufu ya moshi kwenye nguo, anakumbuka sauti ikiita kuku, lakini uso hapana. Na mimi, mtoto wake, ninauza nyuso. Maisha yake yote alishikilia tumaini moja, kwamba mahali fulani, kwenye kabati la ofisi fulani, ipo ile picha ya ndege, na ndani yake mama yake amelala akimwangalia.

Mtafiti aliniruhusu kujichapia nakala moja, nikawasha mashine papo hapo. Umeme nao ukachagua saa hiyo kukatika, nikautukana wee mpaka uliporudi jioni. Jumapili baada ya misa nilipanda toleka, baiskeli zetu za abiria, na picha imeviringishwa kwapani. Dereva aliniuliza kama ninabeba ramani ya hazina. Nikamwambia akanyage pedali.

Nilimkuta mama na dada yake mkubwa, ambaye sisi tunamwita mama mukubwa. Huyo hata kwenye kilio hawezi kukaa bila kumtania mtu. Nikaikunjua picha mezani, nikaibana pembeni kwa sahani.

"Papa," mama akasema, maana ndivyo anavyoniita, "hii njo shamba yetu?"

"Njo yenyewe."

Akavaa miwani yangu, akainama, akasafiri na kidole kutoka mtoni mpaka kwenye safu za nyumba za kambi. "Njo nyumba yetu hii," akasema kwa furaha.

Mama mukubwa akachungulia. "Ile? Ile iko choo. Bon, kama wewe ulizaliwaka mule, miye sikujua."

Hapo vita ikaanza. Mmoja anasema nyumba yetu ilikuwa na mti wa safu, yale matunda ya zambarau, mlangoni, mwingine anasema mti ulikuwa wa jirani, sisi tulikuwa wezi tu wa matunda yake. Wakabishana juu ya njia ya kisimani, juu ya kibaraza cha mwenye shamba, juu ya kuku wa kapita. Chakula kikapoa. Nilikuwa sijamwona mama amechangamka hivyo kwa muda mrefu, na niliwaacha wagombane kwa sababu nilijua kidole chake kinaelekea wapi.

Kikafika kwenye uwanja wa kahawa. Mstari ulikuwepo. Hadithi yetu ilikuwa kweli tupu: kwenye saruji nyeupe walikuwa wamelala, kila mtu punje ya mchele. Punje, basi. Uso hakuna. Kwenye kompyuta nilikuwa nimeikuza picha mpaka ikavunjika vipande vya kijivu, na sikuwa na ujasiri wa kumwambia. Mama hakujali. Akaanza kuhesabu punje kwa ukucha.

"Yaya, mama alilala wapi? Kwa mwanzo ao katikati?" akamuuliza dada yake.

Mama mukubwa, ambaye hata padri hamnyamazishi, alikuwa anaangalia sahani. Nikajua kuna jambo.

"Usimutafute kwa wale wenye kulala," akasema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Alikuwa amelala, tena wa kwanza. Lakini ndege ilipokuja na ile makelele, wewe uliogopa. Ukakimbia kuelekea mtoni, unalia. Alors mama akaamuka, akakufuata. Ndege ikapita vile. Sikukuambiaka, kwa sababu ungesema ni wewe ulimuharibia picha yake."

Mama aliondoa kidole. Akakaa kwenye kiti polepole, akavua miwani, akaiweka juu ya meza mbali na picha. "Donc haiko," akasema. Hakulia, na hilo liliniuma zaidi. Nilitaka kumkasirikia mama mukubwa kwa kuficha, kisha kwa kusema, kisha nikamkasirikia rubani wa watu, marehemu pengine, ambaye hakuwa na haraka yoyote ila siku ile.

Nilichukua miwani, nikainama kwenye picha kwa kukosa kitu kingine cha kufanya. Nikafuata ukingo wa uwanja upande wa mto. Pale, mbali na mstari, kulikuwa na punje moja peke yake, na kutoka kwenye punje hiyo kivuli kirefu kimelala juu ya saruji. Ilikuwa asubuhi, jua lilikuwa bado chini. Waliolala hawakuwa na vivuli. Mimi kutwa ninafukuza vivuli kwa taa, wateja hawavitaki, na sikuwa nimekitazama hata kidogo. Kilikuwa wazi kabisa: kichwa chenye kitambaa kilichofungwa na ncha moja juu, shingo, kiwiko kilichokunjwa kwenda nyuma. Mgongoni kulikuwa na uvimbe, juu yake kichwa kidogo, na mguu mmoja mdogo unachomoza ubavuni.

"Mama, angalia huku."

Akaangalia. Mama mukubwa naye akasogea, wakagongana vichwa.

"Kile kitambaa," mama mukubwa akasema. "Alikuwa anakifungaka vile, na ile pembe juu. Kambi muzima hakuna mwingine. Iko yeye."

"Na huyu wa mugongo?" mama akauliza, ingawa sauti yake ilikuwa imeshajua.

"Sasa ni nani? Mbuzi?"

Mama akacheka, machozi yakamtoka humo humo katikati ya kicheko. Akaweka kiganja chake juu ya picha, akafunika nyumba, na miti, na watu wote waliolala, akabakiza ukingo ule wa uwanja peke yake.

"Yaya, ona mukono yake," akasema. "Ona vile amenishika nguvu."