Mpishi Anayeandika Kiganjani

Mpishi wa shule ana mikono mipana yenye makovu ya moto, na sauti inayofika mtaa wa pili. Mtoto mgeni akiandikishwa, yeye humvizia mzazi getini, akamwomba neno moja la lugha ya kwao, akaliandika kiganjani kwa kalamu, kisha kwa wiki kadhaa akashinda akilinong'ona juu ya masufuria. Binti aliyehamia muhula ule hakuyajua hayo. Wiki tano zilikuwa zimepita hajafungua kinywa, hata walimu wakaanza kudhani ni bubu. Siku moja alifika dirishani na sahani yake, mpishi akamtazama usoni, akamwambia "karibu" kwa lugha ya mama yake. Neno lenyewe mpishi alilivuruga vibaya mno. Binti akashtuka, maana tangu wahame hakuwahi kulisikia neno lile nje ya mlango wa kwao.

"Siyo hivyo," likamtoka.

Mpishi akaweka upawa chini. "Haya mwalimu, nisahihishe."

"Mama mpishi, tuna njaa!" wakalalamika wa nyuma kwenye foleni.

"Njaa itangoja, niko darasani!"

Binti akalitamka polepole. Mpishi akarudia, akakosea, akarudia tena jasho likimtoka, mpaka akalipata. Kisha akapaza sauti: "Leo hakuna anayekula kabla hajalisema!" Likaanzia mbele likaenda nyuma, vinywa sitini vikilitafuna neno la mama yake. Na kijana wa mwisho alipokosea, binti mwenyewe ndiye aliyemfuata hadi mkiani mwa foleni kumsahihisha.