Gitaa Lililonizidi Mwaka Mmoja

Enzi zetu, jamani, mtoto alijua cheo chake nyumbani kabla hajajua jina lake kamili. Mkubwa hupakuliwa kwanza, mkubwa huulizwa kwanza, na mkubwa huamkiwa. Mimi ndimi kifungua mimba wa mama yangu, na cheo hicho nilikifaidi raha mustarehe kwetu Malindi mpaka nikafika miaka saba. Hapo ndipo Baba alipoleta gitaa.

Baba alikuwa mpiga gitaa wa bendi. Jioni walitumbuiza wageni mahotelini, na mwisho wa juma wakaalikwa harusini, leo Mambrui, kesho Kilifi. Gitaa hilo la umeme, jekundu kama kungu mbivu, aliuziwa na Mtaliani mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Mama alikuwa akikaanga viazi vya karai, na harufu ya bizari imejaa ua mzima. Watoto wa mtaa waliacha kucheza kibe wakasongamana mlangoni kutazama. Baba akatuonyesha namba iliyoandikwa kwenye kichwa cha gitaa.

"Mtaliani kanifunza kuisoma," akasema. "Herufi hii ni ya miaka ya sabini, na tarakimu inayofuata ndiyo mwaka wenyewe. Tisa! Huyu kazaliwa sabini na tisa." Kisha akanigeukia mimi, mzaliwa wa themanini. "Haya, mpe kaka yako shikamoo."

Mnacheka? Mimi nililia mpaka nikashikwa na kwikwi.

Baba alikuwa mtu wa mzaha, lakini mzaha wake akishauanza hauachi. Kila asubuhi kabla ya shule nilisimama mbele ya gitaa nikasema shikamoo, naye Baba akaupiga ule uzi mnene, duum! Hiyo ndiyo marahaba. Mgeni akiingia, aliambiwa, "Huyu ni wa pili wangu." Mdogo wangu Athumani, aliyekuwa wa pili tangu azaliwe, alifurahi kuniona nimeshushwa, utadhani kapata baiskeli. Na kichwa cha samaki, haki yangu mimi kwa ukubwa wangu, sasa kilitengwa mbele ya gitaa. Na kwa kuwa kaka hali, Baba akamlia.

Siku moja nikajitia werevu. Nikamwambia Baba ile tisa labda ni sita, fundi kaipindua. Baba akaitazama, akatikisa kichwa. "Basi kakuzidi miaka minne. Piga goti kabisa."

Lakini wallahi, nilikuja kumpenda kaka yangu huyo. Shuleni nikionewa nilisema, "Nitakusemea kwa kaka!" Na harusini, wanawake wakipiga vigelegele hadi spika hazisikiki, mimi nilijipenyeza mbele niwaambie watu yule anayeimba kwa nyuzi ni ndugu yangu, tumbo moja. Raha ile sijaionja tena. Hata hivyo, Baba akisema "wa pili wangu", moyo wangu ulichoma. Ulichoma nikiwa mwari, ukachoma nikiwa na wanangu.

Idi iliyopita tulikuwa kwa wazee. Binti yangu Rehema, hawa wa siku hizi wasioweza kula tambi bila kuzipiga picha kwanza, aliipiga picha ile namba. Chai haijapoa, simu ikamjibu. "Babu, hii namba si ya kuaminika. Wanasema kiwanda kilibakiwa na vibandiko vya zamani, kikavibandika kwenye magitaa ya baadaye. Ukitaka tarehe ya kweli, fungua shingo uangalie kitako chake."

Sisi tulibishana utoto mzima na tukafurahi. Wao hupewa jibu, wakageukia jingine. Nilitaka kumwambia aache. Lakini Baba alikwisha kuchukua bisibisi, hataki kusaidiwa. Skrubu ya mwisho ikatoka. Akavaa miwani, akausogeza mti wa shingo ile kwenye mwanga wa dirisha. Tarehe ilikuwapo, imepigwa muhuri. Themanini na moja.

Baba akaisoma tena. Kisha akacheka, akacheka mpaka akapaliwa, na Athumani akawa anampigapiga mgongo.

"Njoo hapa," akaniambia, akinishika mkono kwa viganja vyote viwili. "Njoo, kifungua mimba wangu."

Mtu mzima mimi, nina mvi, nililia tena kama siku ile ya kwanza, ila safari hii nilikuwa nacheka. Na katikati ya furaha hiyo nikaingiwa na ukiwa kidogo, maana tangu siku hiyo sina tena aliyenitangulia.

Mama akachungulia kutoka jikoni, mwiko mkononi.

"Na mimi niliyezaa," akasema, "miaka yote hii nipo papa hapa. Kuna hata mmoja aliyeniuliza?"