Vitunguu vya Biriani

Harufu ya vitunguu vikikaangwa kwenye samli hunirudisha mtaani kwetu Kibokoni, alasiri moja ya harusi, nimekaa chini nikichagua mchele. Shangazi ndiye aliyekuwa mpishi. Kaka yangu alikuwa akichochea moto.

Wakatokea vijana watatu wa genge, vitambaa usoni. Walikuja kumchukua kaka ajiunge na genge lao. Mmoja alishika panga. Kaka akasimama kuwafuata.

"Salamu hamna?" Shangazi akauliza bila kugeuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Jiko la harusi halipitwi hivi hivi. Kaeni mmenye vitunguu. Na hilo panga nipe, nina nazi za kuvunja."

Wanawake wote wakaacha kazi wakawatazama. Kwa kijana wa mtaa, hata aliyefunika uso, kukataa kazi ya harusi ni aibu ambayo ingemfikia mama yake kabla yeye hajafika nyumbani. Mwenye panga akalitoa. Wakakaa.

Haukupita muda vitunguu vikawaliza. Wakavua vitambaa wajipanguse machozi, na hapo kila mmoja akajulikana.

"Kumbe wewe ni mwana wa jirani yangu," akasema mmoja wa wanawake. "Umekua."

Kaka akacheka mpaka akakaa chini. Hakwenda nao, si siku ile wala nyingine.

Leo namwoza binti yangu. Mpishi ni yule aliyekuja na panga, ndevu zimeota mvi. Vijana wanapita mbele ya jiko, kofia zimewafunika macho. Mpishi hageuki, anakoroga tu.

"Nyinyi," anawaita. "Salamu hamna?"