Majaji wa Kinshasa kwa Kinywa cha Marcellin

Marcellin anatengeneza baiskeli karibu na soko la Kasongo, upande ule ambako watu wa Lusangi wanapitisha mchele wao. Ni mtu mrefu, mpole, asiyesema sana akiwa na kazi mkononi, na karibu kila wakati ana kazi mkononi. Ujanani alikwenda Kinshasa kutafuta maisha, akayapata jikoni mwa mgahawa mmoja, akiosha masufuria. Aliyaosha mpaka baba yake alipokufa, ndipo akarudi kuangalia mama na shamba. Alirudi na mfuko wa nguo na Kilingala chote.

Hapa kwetu Kilingala si lugha ya nyumbani. Tunasema Kiswahili, na kila mtu ana lugha ya bibi yake kwa mambo ya moyoni. Anayeelewa Kilingala ni kama jirani mwenye ngazi: hukumbukwa siku ya kupanda juu. Marcellin alikumbukwa siku Mama Léocadie alipopata televisheni.

Mama Léocadie ni mjane, mshonaji. Mtoto wake aliye Bukavu alimtumia televisheni na panneau ya jua, kibao cha kuvuta umeme wa jua, na kila Jumamosi alasiri, kama mawingu yaliruhusu, parcelle yake, yaani kiwanja chake, ilijaa watu. Walikuja kutazama shindano kutoka Kinshasa lililoitwa Reine ya Ndako, yaani malkia wa nyumba. Wanawake walishindana kupika, kushona, kufuma, kutandika meza na kupokea wageni, na kila juma mmoja alirudishwa kwao. Yote yalisemwa kwa Kilingala, na Kifaransa kidogo cha kupamba. Basi Marcellin aliwekewa kiti pembeni ya televisheni, mgongo nusu kwa picha, uso kwa watu, kama mkalimani wa mahubiri.

Watazamaji hawakuhitaji mkalimani ili kubishana. Jumamosi ya kwanza mshindani mmoja alitia sombe, yaani majani ya muhogo, ndani ya mashine ya umeme, akabonyeza.

"Wamufukuze!" alisema Mama Safi. Mama Safi anauza samaki wanaotoka Nyangwe, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema "labda". "Sombe inatwangwa. Muke anaogopa kinu, ataweza kuzaa?"

"Mama, mashine ni akili," alisema Kasimu. Kasimu alikuwa amekuja tu kuchaji simu. Simu ilikuwa imejaa tangu zamani. "Mukono unachoka, mashine haichoki."

"Na umeme ikikatika?"

"Anatwanga."

"Kwa mukono gani? Ule umesahau kazi?"

Kasimu alikwenda nyumbani kutafuta jibu, na kwa sababu hiyo alirudi Jumamosi iliyofuata.

Jumamosi hiyo ndipo ilipofika zamu ya mshindani Rachelle. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, amefunga kitambaa cha manjano, na alipoulizwa kwao ni wapi, alijibu kwa Kiswahili, mbele ya Kinshasa nzima: "Miye natoka Kabambare."

Nyumba ilipiga kelele hata kuku wakatoka.

"Ule ni wetu," alisema Mama Safi.

"Kabambare si Kasongo," alisema Kasimu.

"Ukisimama Kinshasa, Kabambare na Kasongo ni mulango moja."

Juma lililofuata watu walikuja wamevaa vizuri. Mama Léocadie mwenyewe alivaa liputa, kitenge alichokuwa amekiweka kwa ajili ya ubatizo. Kazi ya siku ile ilikuwa sombe, na Rachelle alitwanga kwa kinu, akamimina mawese, akatia karanga, na Mama Safi akaitikia kwa kichwa kila hatua kama mtu anayesahihisha daftari na kukuta yote sawa. Jaji mmoja mwenye miwani mikubwa alionja. Akaweka kijiko chini. Akasema kwamba hiki si chakula cha watu.

Marcellin alisikia vizuri sana.

"Asema nini?" waliuliza wote pamoja.

Marcellin aliwatazama. Walikuwa wamejipaka mafuta, wamesuka nywele. Mama Safi alikuwa ameinuka nusu kutoka kwenye kiti chake.

"Asema," alijibu Marcellin, "tangu azaliwe hajapata kula kitu kama hiki."

Kelele ya siku ile ilisikika mpaka msikitini.

Rachelle hakufukuzwa, kwa kuwa mwingine alikuwa ameunguza sombe yake. Juma lililofuata walitarizi kitambaa cha meza. Jaji alisema kwamba nyuzi za Rachelle ni kama kuku amepita juu yake. Marcellin alisema: "Asema nyuzi zake zinatembea, zina uhai." Mama Léocadie, ambaye ni mshonaji, alikunja uso, akasogea karibu na televisheni, kisha akasema labda picha si safi. Walipokunja vitambaa vidogo vya kupangusia mdomo, jaji alisema yeye hawezi kuthubutu kujipangusa na kitu kama kile. Marcellin alitafsiri hiyo karibu neno kwa neno, akaongeza tu kwamba ni kwa sababu ya uzuri.

Kwa namna hiyo Rachelle alikuwa wa kwanza katika Kasongo yote. Kinshasa hawakuwa na habari.

Ilikuja Jumamosi ya kupokea wageni. Rachelle alimwaga supu juu ya goti la jaji mwenye miwani. Jina lake lilisomwa, akakumbatiwa na wenzake, akatoka mlangoni na sanduku, akilia. Hata asiyejua Kilingala aliona.

"Anaenda wapi?" aliuliza Mama Léocadie.

Marcellin alifikiri. "Kwao," alisema.

"Kufanya nini?"

"Kupumuzika."

Lakini Mama Safi alikuwa amesimama. "Wamemufukuza! Mutu wamemusifu kila siku, leo wanamufukuza sababu ya supu? Huu ni wizi. Wameona mutoto wa Maniema anawashinda, wakatafuta njia."

Hakuna aliyepinga, hata Kasimu. Walikubaliana kwamba Kasimu ataenda kusema kwenye radio ya mji, na ili asiseme ovyo, watangoja marudio ya siku ya Jumatano, ambapo shindano lote lilionyeshwa tena toka mwanzo kwa ufupi. Hapo atashika maneno ya majaji, moja moja, kama ushahidi. Marcellin alisema Jumatano ana gurudumu la mtu la kutengeneza. Wakamwambia hakuna neno, Sonia yupo.

Sonia ni mpwa wa Mama Léocadie, alizaliwa Kisangani, na alikuwa amefika juma lile lile kujifunza kushona. Kilingala alikinywa pamoja na maziwa ya mama. Jumatano aliketi mbele ya televisheni akimenya muhogo, na kila jaji aliposema, yeye alisema nyuma yake bila kuinua macho. Hakuwa na ubaya wowote. Hakujua tu.

"Asema hii si chakula ya batu."

Kisu kiliendelea kumenya.

"Asema ni kama kuku alipita juu ya kitambaa."

"Nilijua," alisema Mama Léocadie polepole. "Ile mishono, nilijua."

"Asema miye siwezi kujipangusa na hii takataka." Ndipo Sonia alipoinua macho, akaona nyuso. "Tantine, nimekosa nini?"

"Hapana, mutoto yangu. Menya tu." Mama Léocadie alimgeukia Kasimu. "Muite Marcellin."

Marcellin alikuja na mafuta ya mnyororo mikononi. Kiti chake hakikuwekwa, akasimama.

"Baba Marcellin," alianza Mama Safi, "siku ya sombe, juge alisema nini?"

"Alisema si chakula ya batu."

"Na weye ulituambia nini?"

"Nilisema hajapata kula kitu kama hiki."

"Ni uongo!"

"Sizani alipata kula," alisema Marcellin.

Kasimu alicheka, akatazamwa, akaacha. Mama Léocadie aliuliza kwa sauti ya chini: "Sababu gani, ndugu yangu? Sisi tulikuwekea kiti."

Marcellin alipangusa mikono kwenye suruali kwa muda mrefu. Halafu alisema zaidi ya alivyokuwa amesema mwaka ule mzima.

"Ile siku mulikuwa mumevaa vizuri. Ni hiyo kwanza. Halafu kinywa changu kimezoea. Wakati wa vita, kwenye bariera ya njia ya Kabambare, pale basoda wenye bunduki walizuia batu, walikuwa wanasema Kilingala tu. Batu walikuwa wananiita nisimame katikati. Soda anatukana mama ya mutu, miye nasema: anauliza habari ya nyumbani. Mutu anajibu kwa hasira, miye nasema: anashukuru. Batu walikuwa wanapita. Ningetafsiri sawasawa, wengine hawangepita. Kisha vita ikaisha, kinywa kikabaki vile."

Mama Safi alikuwa ameketi tena.

"Miye pia nilipita pale," alisema. "Na samaki. Ule soda alichukua kitunga yangu yote. Nilimwambia ni mbwa. Nilimwambia baba yake pia ni mbwa."

"Ndiyo, mama. Nakumbuka."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia unamuombea arudi salama kwa mama yake. Na kwamba anakukumbusha mutoto wako."

Askari yule alikuwa amemrudishia Mama Safi kitunga, na samaki wote ndani. Tangu siku ile, kwa miaka yote, aliamini kwamba askari ndiye aliyemwogopa. Alikuwa amewasimulia watoto wake hivyo, na wajukuu, na wanunuzi wengi wa samaki.

Alichukua mwavuli wake akaondoka bila kuaga.

Mji uligawanyika. Kasimu alisema kuwa mkalimani ni kama bomba, maji yaingiayo ndiyo yatoke. Mama Léocadie alisema bomba halina huruma, na kwamba yeye alipokea furaha ya majuma mengi ambayo hakuna mtu anaweza kumnyang'anya sasa. Wengine walisema vita ni vita na sombe ni sombe. Mama Safi hakusema upande wake. Alipika sombe nyumbani vile vile alivyoona Rachelle akipika, kwa kinu, mawese mengi, karanga mwishoni, bila kuongeza chake. Alionja. Akawapa bata. Hakumweleza mtu, lakini jirani aliona.

Radio haikupata habari yoyote. Shindano liliendelea, Sonia akatafsiri, sawasawa, na watu wakapungua. Kusikia kwamba mtu amezidisha chumvi, na kweli amezidisha chumvi, hakuwapi watu mengi ya kubishania. Mshindi alikuwa mwanamke mmoja wa Kinshasa aliyejua kukunja vitambaa kama ndege. Ni watu wachache waliokuwepo kumwona.

Katika kiangazi, Rachelle alipita Kasongo. Alikuwa anakwenda Kabambare kumwona mama yake, na dereva wa moto, yaani pikipiki, alisimama sokoni kutafuta mafuta. Aliyemtambua ni Mama Safi. Alimtazama muda, akaacha samaki wake bila mtu, jambo ambalo halijawahi kuonekana, akamshika mkono.

"Weye ni Rachelle. Kuja."

Nyumbani kwa Mama Léocadie moto uliwashwa haraka. Walitengeneza wali, samaki, na sombe iliyotwangwa. Rachelle alikuwa mdogo kuliko kwenye televisheni, na alikaa kwenye ncha ya kiti. Mama Léocadie aliagiza Marcellin aitwe, na Marcellin akaja akakaa karibu na mlango, tayari kuondoka.

"Nasikia haya kukaa na nyie," alisema Rachelle. "Muliona yote. Mulisikia vile walinitukana. Mama yangu alisikia kwa batu, akakaa nyumbani juma zima."

Sonia alifungua kinywa. Mama Safi alikuwa mwepesi zaidi.

"Sisi hatukusikia matusi," alisema. "Sisi hapa tulisikia wanakusifu."

Rachelle alimtazama, akidhani anachekwa. "Walinisifu namna gani?"

"Baba Marcellin, mwambie."

Marcellin alikohoa. Alisimama, maana hakuzoea kutafsiri akiwa amekaa mbali, akayasema yote kwa Kiswahili, kwa utaratibu, kama alivyoyasema kwanza: kwamba jaji, tangu azaliwe, hajapata kula kitu kama kile, kwamba nyuzi zilitembea, zilikuwa na uhai, kwamba vitambaa vilikuwa vizuri hata mtu aliogopa kujipangusa. Rachelle, ambaye Kilingala anakijua kama Marcellin mwenyewe, alisikiliza mpaka mwisho. Uso wake ulibadilika kidogo kidogo.

"Na supu?" aliuliza. "Supu niliyomwaga, alisema nini?"

Hiyo Marcellin hakuwa amewahi kuitafsiri. Watu walingoja.

"Alisema iko moto," alijibu, "inaonekana muke huyu hacheleweshi wageni."

Rachelle alianza kucheka, akaendelea, mpaka ikabidi ajipangushe macho na ncha ya liputa. Kisha alitaka kujua hapa Kasongo alikuwa wa ngapi.

"Wa kwanza," alisema Kasimu. "Kila juma."

Rachelle alikula wali na samaki, akaongezewa sombe bila kuomba. Alieleza kwamba siku ile ya sombe aliangalia kamera kuliko sufuria hata akasahau chumvi, kwa kuwa hakuwahi kumpikia mtu mwenye kamera. Mama Safi alisema hilo linaweza kumpata mtu yeyote. Sonia alimwuliza juu ya nyumba ya washindani, kama kweli kila mmoja alikuwa na kitanda chake, na wakaongea Kilingala kidogo wao wawili, na hakuna aliyeomba tafsiri.

Dereva alipiga honi barabarani. Mama Safi alimfungia Rachelle samaki wakavu ndani ya majani, kwa ajili ya mama yake, akamwambia asimame pia siku ya kurudi. Moto iliondoka kwa vumbi, kuelekea Kabambare, na Rachelle akipunga mkono mpaka ilipokata kona. Halafu watu walirudi kwa kazi zao, kwa maana ilikuwa bado mchana, na samaki wa Mama Safi walikuwa sokoni peke yao.