Bwana Yangu Alitoka Gerezani, Yaya Yangu Akaingia Pahali Pake

Ndugu wa ukurasa huu, naomba jina langu lisionekane. Majina ya watu nitakaowataja nimeyabadilisha. Mimi ni mama wa miaka arobaini na minane, nakaa Kisangani, upande wa Lubunga, niko na bwana na watoto wanne. Miaka yote nilifikiri najua kisa cha nyumba yetu. Mwaka huu nimeelewa kwamba nilikuwa najua nusu tu.

Wakati wa vita vya waasi mto ulifungwa. Boti hazikupanda tena kutoka Kinshasa, tukawa tunakula pondu, majani ya muhogo, bila chumvi. Yaya yangu Salumu, ndugu yangu mkubwa, na rafiki yake Amisi walikuwa wanasukuma baiskeli zenye kahawa, wanapita Bafwasende mpaka nchi jirani, wanarudi na chumvi na sabuni. Walikua pamoja, walitahiriwa siku moja. Amisi ndiye aliyekuwa amenichumbia, na tayari nilikuwa na mimba yake. Mama hakujua.

Safari moja Salumu alirudi peke yake, miguu imevimba, baiskeli hana. Alitueleza mbele ya mama yake Amisi. Kwenye bariere ya mwisho, kizuizi cha barabarani, askari mmoja alimwambia kahawa yao itapita kama atamfikishia mtu wake gunia dogo ng'ambo ya mpaka. Alikubali bila kufungua. Amisi, alisema, alikuwa anaoga mtoni wakati huo, hakujua kitu. Walipofika, Salumu akatoka kutafuta mnunuzi. Nyuma yake polisi wa kule wakaingia nyumba waliyofikia, wakakuta gunia limejaa masasi, risasi za bunduki. Wakamkamata Amisi kama mwasi. Salumu aliona yote kutoka upande mwingine wa barabara, akakimbia.

Toka hapo Salumu hakugusa tena chakula. Kisha dereva mmoja wa kamyo akaleta habari kwamba Amisi atafungwa maisha, kwa sababu anasema gunia si lake na mwenye gunia haonekani.

Yaya alinikuta nyuma ya nyumba natwanga lituma ya ndizi. Aliniuliza mimba ina miezi mingapi. Nilishtuka, sikujua kama ameiona.

“Mutoto asizaliwe bila papa yake,” akasema. “Mimi sina bibi, sina mutoto. Utaangalia mama.”

Nilimshika shati nikalia, lakini neno “baki” halikunitoka mdomoni. Aliondoka kesho yake.

Alijipeleka mwenyewe kwa wale polisi, akasema gunia ni lake, rafiki yake hakujua lolote. Amisi akaachiliwa, akarudi, akanioa. Yaya akabaki kule na kifungo cha maisha.

Vita vilikwisha. Mama yetu alikufa akiuliza kama Salumu amefika. Amisi alikuwa papa mzuri kwa watoto, hakunipiga, hakuninyima kitu. Kila Idi alikuwa anaweka sahani ya kwanza kando, anasema ni ya Salumu, na hakuna aliyethubutu kuigusa. Nilikuwa nampenda zaidi kwa sababu ya ile sahani.

Mwaka jana nchi ile ilisamehe wafungwa wazee na wagonjwa, yaya akarudi. Sikumtambua alipotoka kwenye pirogi, mtumbwi wa kuvusha watu. Meno yamebaki machache, jicho moja halioni, anakohoa mpaka anainama. Watoto wangu walipomwita tonton, yaani mjomba, alicheka kama zamani. Amisi alimkumbatia kwa muda mrefu, kisha akatoka nje, hakurudi mpaka usiku.

Tangu siku ile bwana yangu hakukaa tena nyumbani. Anatoka kabla yaya hajaamka, anarudi yaya akiwa amelala. Ijumaa moja, kisha ya sala, nilimkaza aniambie ana nini. Akakaa chini, akaongea bila kuniangalia.

“Ile siku ku bariere sikukuwa mu mayi. Nilikuwa nyuma ya miti, niliona soda, ule askari, anaweka masasi mu gunia. Nilinyamaza juu kahawa yetu ipite. Salumu hakuona kintu. Mimi ndiye nilijua.”

Alinikataza kumwambia yaya. Siku ile ile akaondoka kwenda Bafwasende, eti kulima. Mpaka leo hajarudi.

Yaya aliniuliza rafiki yake ameenda wapi. Nilijibu kazini. Aliniangalia sana na lile jicho moja linaloona.

“Amekuambia, bon,” akasema. “Mimi nilijua zamani. Tulipotoka ku bariere nilichoka, nikamuomba abebe ile gunia ku kinga yake, ile baiskeli. Akakataa, na hajawahi kunikatalia kintu. Nilielewa mu pori, wakati niko nakimbia kurudia hapa.”

Nilimuuliza kwa nini basi alikwenda. Alisema asingekwenda, Amisi angefia kule, na angesema Amisi alijua, wangebaki kule wote wawili, na mimi ningezaa peke yangu. Kisha akanishika mkono.

“Usimuambie kama najua. Akijua, hatarudi tena. Mimi niko nataka tu akuje tukae.”

Ndugu zangu, ndivyo nilivyo sasa, na siri ya kila mmoja iko kwangu. Daktari ameniita pembeni, amesema mapafu ya yaya hayatamfikisha mbali. Kila siku anauliza kama Amisi amefika. Nikimtumia bwana yangu neno kwamba Salumu anajua na hana kinyongo, labda atakuja mbio, labda atapotea kabisa. Nikinyamaza, yaya atakufa akiangalia mlango.

Na kuna jambo ambalo sijamwambia mtu. Yaya amesamehe. Mimi sijasamehe. Nililala karibu na yule mtu miaka yote hiyo, na sasa inabidi nimwite arudi kwa ajili ya yaya, wakati mimi mwenyewe sitaki kuona uso wake.

Mama zangu, papa zangu, mnaosoma hapa, nimeishiwa akili. Nimwite, ao nimwache? Na akija, nitamfungulia mlango na moyo gani?