Pasipoti ya Farasi Aliyekufa

Jioni moja ya Januari naikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu: majani mabichi, mvua iliyotoka kunyesha, na mimi nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nje ya banda la farasi kule Midrand, nikijiona mjanja kuliko watu wote kati ya Johannesburg na Pretoria. Ulikuwa mwaka wa 2016. Nilikuwa na miaka thelathini na nane, na usicheke nikiuita huo ujana. Ujana ni ile hali ya kudhani kwamba wewe peke yako ndiye unayejua kuhesabu.

Nakuandikia kwa sababu nimesikia umeanza kazi ya kutunza farasi, na kwamba unamtafuta wa kwako wa kununua na kuuza. Vizuri. Biashara si dhambi. Ila nisikilize kwanza.

Mwaka uliotangulia, wakati wa baridi, nilinunua farasi jike kwa mzee mmoja wa Soweto aliyekuwa akimvutisha mkokoteni wa vyuma chakavu. Mwili wa kahawia, singa nyeusi, mbavu za kuhesabika. Nikazihesabu, mara mbili, pande zote, na kila ubavu nikaudai punguzo. Meno nikayahesabu. Kwato nikazihesabu, nazo zilikuwa nne mara zote mbili. Yule mzee akanionya, "Huyu hana kitabu." Nikamjibu kwamba farasi anakula nyasi, hali karatasi, nikamshusha bei tena. Cha rahisi kina gharama yake, lakini siku zile methali nilizijua kwa ajili ya kuwaonya wengine.

Banda lilikuwa la tajiri aliyetuajiri kuwatunza farasi wake, na msimamizi wetu alikuwa Mzee Sufiani, mtu wa Tanga, aliyeanza kuchana farasi kabla mimi sijajua kufunga kamba za viatu. Akanipa kona ya nyuma nimweke jike wangu. "Lakini daktari akija kuwachanja wa tajiri," alisema, "na huyu achanjwe, afunguliwe kitabu chake." Nikauliza bei ya daktari, bei ya chipu inayochomekwa shingoni, bei ya kitabu. Nikajumlisha. Nikajumlisha tena. Nikasema, "Mwakani, Mzee, inshallah."

Pengine hujakishika kitabu chenyewe. Hiyo ndiyo pasipoti ya farasi. Ndani yake mna namba ya chipu, aina yake na wazazi wake kama amesajiliwa, na mchoro wa mwili wake unaoonyesha kila baka jeupe na kila mahali ambapo nywele zinajizungusha kama utosini mwa mtoto. Nyuma kuna kurasa za chanjo ya homa ya farasi, ugonjwa unaoletwa na usubi msimu wa mvua, ambao unaweza kumlaza chini farasi aliyekuwa akikimbia jana. Asiye na kitabu hauziki kwa mtu mwenye akili.

Ikatokea kwamba jike mmoja wa tajiri wetu, wa kahawia vilevile, wa aina iitwayo boerperd, aliyesajiliwa, akafa kwa kusokotwa na tumbo. Tajiri akanipa pasipoti yake niipeleke posta, irudi kwa chama cha wafugaji wa aina hiyo wafute jina. Mimi kitu chenye jalada gumu sijawahi kukitupa tangu nizaliwe. Nikaiweka chini ya godoro, chumbani kwangu, mtaa wa Bertrams, Johannesburg.

Unajua tunavyoishi hapa sisi wageni. Mtu ana kibali cha kazi, binamu yake hana, sura zinakaribiana. Basi kibali kinakwenda kazini na huyu wiki hii, na yule wiki ijayo. Wengi wamekula kwa namna hiyo, sitakudanganya. Nikajiambia: kama binadamu anaazima jina, farasi atashindwaje?

Mnunuzi akawa Mama Nomsa, nesi mstaafu, aliyemwaga kiinua mgongo chake chote kwenye shule ndogo ya kufundisha watoto kupanda farasi, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka bandani kwetu. Alitaka jike aliyesajiliwa, ili siku moja apate na mtoto wa kusajili. Akaniuliza, "Buti," yaani kaka, "amechanjwa?" Sikusema ndiyo. Nilifungua pasipoti ya yule aliyekufa, ukurasa wa chanjo, nikamwonyesha mhuri wa daktari. Mdomo wangu ukabaki safi. Nilikiachia kitabu kiseme uongo. Tukapatana bei, akalipa, akamchukua.

Sasa rudi nami pale kwenye ndoo. Mzee Sufiani akaja, mikono nyuma.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nasikia jike wako ameuzwa na pasipoti."

"Ndiyo, Mzee. Bei nzuri tu."

"Pasipoti gani?"

Nikatazama viatu vyangu. Yeye hakupaza sauti.

"Rajabu, wewe ukitoka Bertrams kibali chako unakifunga nailoni mbili kama samaki mbichi. Polisi akikusimamisha, kinamsema nani?"

"Kinanisema mimi."

"Na siku ukianguka barabarani hujitambui, daktari akakupapasa mfukoni akakuta cheti cha binamu yako, atakutibu wewe au binamu yako?"

Nikaanza kuokota majani makavu kwenye suruali, Mzee akaendelea:

"Yule jike leo analala wapi?"

"Uwanjani. Kwa Mama Nomsa ndani mna nafasi mbili tu."

"Basi analala kwenye usubi, kwa sababu umemwambia Mama Nomsa kwamba amekingwa. Aliyekingwa tulimzika, Rajabu. Maiti kachanjwa, mzima hajachanjwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe umeficha ya mwenzio, na mwenzio hajui kusema." Akageuka. "Inuka. Jua halijazama."

Tulikwenda kwa Mama Nomsa kwa miguu, Mzee mbele. Njia nzima nilitafuta namna ya kulisema jambo hilo lisikike dogo. Sikuipata. Nikalisema lilivyo: kitabu si chake, hana chanjo, hana chipu, hajasajiliwa popote, alikuwa akivuta vyuma Soweto.

Mama Nomsa alinisikiliza, kisha akasema, "Eish," basi. Akachukua kamba, akamtoa nje poni wake mzee aliyechanjwa kila mwaka, akamwingiza jike ndani, akafunga madirisha kwa chandarua. Ndipo akampigia daktari simu. Daktari akasema mvua zimeshaanza, hashauri chanjo kwa sasa. Jike aingie ndani kabla ya jua kuzama, atoke jua likishapanda, na apimwe joto kila siku mpaka baridi ije imalize usubi.

"Bei tutaizungumza upya," akaniambia Mama Nomsa. "Kwanza niambie, nani atampima?"

"Mimi, Mama."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili, asubuhi na jioni."

"Siku usipokuja, buti, nakufuata Bertrams, nakuita uani wapangaji wote wasikie."

Nilikwenda Januari yote, na Februari. Kipimajoto mkononi, nikisoma mara mbili, kwa maana tabia haiachi mtu hata akitubu. Mwezi wa tatu, asubuhi ya Jumamosi, nikasoma nikadhani nimekosea. Nikasoma tena. Joto lilikuwa juu. Jike mwenyewe alikula kidogo, akanitazama kama kawaida. Nje watoto walikuwa wameshavaa kofia, na jina lake limeandikwa ubaoni kwa masomo manne.

Mama Nomsa alilifuta jina kwa kiganja. Daktari akaja. Kesho yake sehemu za juu ya macho ya jike zilikuwa zimevimba, na daktari akathibitisha kuwa ni homa yenyewe. Dawa ya kuiua hakuna, alisema. Kuna kupumzika tu, asitembezwe hata hatua za bure, kwa sababu moyo unaweza kusimama. Kisha akaniambia jambo nililolala nalo miaka mingi: kama angeletewa kitabu chenye chanjo zote, joto dogo vile angelidhani ni la homa ya kupe, na watu wangempandisha mtoto mgongoni asubuhi ile ile.

Nilihesabu mambo mengi maishani, lakini hilo nililihesabu mara moja tu, nikaacha.

Jike alipona. Ilichukua wiki nyingi, akakonda, mbavu zikarudi kuonekana. Baridi ilipofika akachanjwa, akawekewa chipu, na daktari akakaa juu ya ndoo akimchora polepole, kila baka, kila mzunguko wa nywele. Kwenye aina akaandika: haijulikani. Baba: hajulikani. Mama: hajulikani. Mama Nomsa alikisoma kitabu kile chembamba, akasema, "Mtoto wake hatasajiliwa. Lakini huyu sasa namjua." Nikamrudishia nusu ya bei aliyonilipa mwanzo, na gharama za daktari zikawa zangu. Sikuomba punguzo.

Basi, mwanangu, neno lenyewe ni hili. Ukinunua farasi, fungua kitabu mbele ya mwuzaji, ulinganishe mchoro na mwili, mguu kwa mguu, na chipu isomwe kwa mashine siku hiyohiyo. Kama hana kitabu, mfungulie chake, hata kikiwa na mistari mitatu ya "hajulikani." Akifa, kitabu chake kirudi kilikotoka. Ukiambiwa nasaba yake ni bora, dai usajili. Na ukikosa usajili, sema huna, uza kwa bei ya asiye nao. Mimi pia nilidhani karatasi ni ya kumridhisha polisi. Karatasi ni ya mtu atakayekuja kukusaidia siku ambayo huwezi kujieleza, na ikisema uongo, atamsaidia mwingine. Na kama ni hivyo kwa farasi, ya kibali chako wewe nadhani sina haja ya kuyarefusha.

Mungu akujalie jina lako litoshe popote utakaposimama. Akupe mkono mpole kwa wasioweza kusema, na mkubwa wa kukukemea mapema, wakati bado kuna jua la kurekebisha. Amina.