Askari Aliyepoteza Uso

Jana fundi wa betri pale Ngokolo alimwaga tindikali, na harufu yake ikanirudisha Segese, kwenye kibanda cha mnunuzi wa dhahabu.

Baba alisoma Urusi enzi za Wasovieti, akarudi na sarafu tisa, kila moja imechorwa mnara wake wa kumbukumbu ya vita. Jumapili alizipanga mezani tukazitazama, sisi wawili kwenye benchi moja. Niliwaambia watoto wenzangu ni dhahabu. Wakanicheka: "Bati hilo!" Basi nikaiba moja, ya askari aliyebeba mtoto, nikaipeleka kwa yule mnunuzi ipimwe.

"Shikamoo."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Ya nani hii?"

"Ya baba."

Akaidondoshea tindikali, kama afanyavyo kwa kila kinachong'aa. Likatoka povu la kijani, na askari akabaki hana uso.

"Si dhahabu," akasema.

Nilipoirudisha nyumbani, baba hakunipiga. Aliipapasa kwa kidole gumba, akairudisha kwenye mstari wake, akaniambia, "Sogea, nikae."

Sasa zote tisa ni urithi wangu, mimi mwenye shahada mbili na hakuna wa kumringia. Jumapili nazipanga mezani, naketi kwenye benchi, kisha nasogea kidogo.